Karai Limekwenda Kazini

Jumatatu tunahesabu.
Barke anatandaza kanga sakafuni,
anamwaga juu yake pochi, kopo la maziwa ya unga
na bahasha ya hospitali yenye muhuri wa buluu.
Mia tatu na hamsini. Sarafu moja imepinda.
Simu inatudai elfu na mia mbili,
na usiku, sisi tukilala, deni halilali.

Daktari alisema moyo wangu umekuwa mkubwa.
Nikadhani ananisifu.
Akasema: moto basi. Mwiko basi.
Miaka thelathini na moja nimesonga halua Langoni
bila kupumzisha mkono,
maana halua ukiipa kisogo hushika chini.
Leo ngazi kumi na nne za nyumba yangu mwenyewe
nazipanda kwa vituo.

Mwezi wa kwanza watu walikuja na sukari, na mchele,
na noti iliyokunjwa ndani ya kiganja cha salamu.
Mwezi wa pili wakaja na pole.
Mwezi wa nne wanapita upande wa pili wa kichochoro,
na kichochoro chetu hakina upande wa pili.
Siwalaumu. Nami niliwahi kupita hivyo.

Kwa Mselem kuna daftari lenye jina langu.
Zamani jina lake ndilo lililokuwa kwangu:
harusi ya bintiye, vitumbi arubaini, nusu hakulipa.
"Mkumbushe," Barke akasema.
Nikaenda. Nikakaa barazani pake. Tukazungumza bei ya samli.
Nikarudi na robo ya majani ya chai,
imeandikwa.

Tuliuza redio. Tukauza kabati la vioo.
Cherehani akaikatalia:
"Hiyo ndiyo mume wa pili, na huyo bado mzima."
Usiku nausikia mguu wake ukikanyaga,
sare za madrasa, mapindo ya mabuibui, hamsini, hamsini,
nami gizani nahesabu mapigo.
Yake yana mpango.

Dawa ni tatu: ya kukojoza, ya kutuliza,
na ile nyeupe, yenye bei.
Ile nyeupe nikawa naikata nusu kwa kisu cha matunda
bila kumwambia.
Miguu ikamwambia.
Hakupiga kelele. Alikiosha kisu, akakificha,
akenda kwenye mchezo wa kina Mwanaate
akabadilishana zamu, apokee sasa badala ya Disemba.
Disemba tutaijua Disemba.

Likabaki karai. Shaba, la babu.
Mnunuzi wa vyuma akalitia kwenye mizani.
Kwa kilo! Nikamwonyesha mlango.
Shekuwe, niliyemfundisha mimi kuutuliza moto wa mkoko,
akasema halinunui, atalikodi,
mia tatu kila siku ya kazi.
Likapandishwa punda, likamfunika punda mzima,
likakata kona.
Sikujua kitu chaweza kwenda kazini kikaniacha.

Wiki ya tatu wateja wakanung'unika.
Akatuma mtoto: "Ndoo, fundi, uonde."
Nikaenda, kwa vituo.
Kijiko kimoja. Nikakiacha ulimini:
iliki imetangulia, wanga haujaiva,
mtu amekuwa na haraka hapa.
Nikatema, maana sukari nayo imo kwenye orodha ya daktari.
"Robo saa zaidi," nikasema, "na usizungumze na simu."
Akatoa hamsini. Nikakataa.
Barke akazipokea.

Jumatatu tunahesabu.
Nyuma ya daftari la hesabu la Khuleita
Barke amepiga mistari kwa rula:
Cherehani. Karai. Mchezo (tunadaiwa).
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Ulimi: mia moja.
Haijafika. Imekaribia dawa mbili kati ya tatu.
Namuuliza kisu cha matunda kiko wapi,
nataka kumenya chungwa.
Haniambii.
Ananimenyea yeye.