Itoka

Mpimaji alikuja Jumanne na utepe wake wa chuma
na kijana wa kushika ncha ya pili.
Waithaka ilikuwa na tope la Aprili,
tope jekundu linalokuvua kiatu bila kukuuliza.
"Wenye shamba ni akina nani?"
Gitahi akajihesabu, akamhesabu Ndirangu,
akamhesabu hata Kamenju aliye Doha,
ambaye miaka sita hajui rangi ya lango letu.
Kidole kilipofika kwangu kikajikunja,
kama mtu aliyekumbuka ana chungu motoni.

Mimi nilikuwa nimeshika birika.

"Dada yetu aliolewa," akasema.
Kweli, niliolewa.
Mbuzi wangu waliingia kwa lango hili hili,
thelathini na mmoja, mmoja akichechemea.
Wengine wakawa mabati ya nyumba ya Gitahi,
wengine karo ya Ndirangu,
na yule mchechemeaji tulimla Krismasi.
Hata leo mvua ikinyesha nawasikia
wakikimbia juu ya paa la kaka yangu.

Kisha nikarudi,
mtoto mgongoni, sufuria mbili, jicho moja jeusi.
Baba hakuuliza. Alichukua jembe,
akahesabu hatua kuanzia chooni hadi kwenye mparachichi,
akachimbua itoka kwenye mpaka wa zamani,
ua ambalo ukilikata linaota, ukilichoma linaota,
akapanda moja huku, moja kule.
"Aliyerudi hakosi pa kuwasha moto.
Ndivyo tulivyoachiwa."
Hapakuwa na wakili wala muhuri.
Mashahidi walikuwa mama na kuku.

Sasa ndugu zangu wanasema mila.
Mila, mila: neno limewajaa mdomoni kama kiazi cha moto.
Wanaijua nusu, ile nusu yenye wana wa kiume.
Mjane asing'olewe,
mwangalizi asile peke yake,
aliyerudi apewe pa kupanda viazi:
hayo hayamo kwenye karatasi ya wakala wa ploti.
Hamsini kwa mia, ndiyo sala yao.
Ghorofa saba, maji ya kisima, amina.

Milimani nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili.
Gazeti la Serikali lilichapa jina la baba
katikati ya marehemu wengine,
na siku thelathini kwa mwenye neno.
Neno langu ni mfuko wa risiti:
kodi ya ardhi miaka tisa,
kusafishwa damu mara mbili kwa wiki,
nusu ya jeneza.
Wakili wangu, Bi Nafuna, ananiambia sheria iko nami.
Naamini. Lakini sheria haijawahi kumpikia Gitahi chai,
wala haitaketi naye kwenye matanga yajayo.
Anataka niseme mbele ya jaji kwamba mila ni adui.
Hilo siwezi kumpa.
Mila niliyoiona mimi ilikuwa baba, magoti yakimuuma,
akichimba.

Tingatinga lilikuja Jumamosi, kabla ya amri.
Mparachichi ulilala na matunda yake mabichi.
Nilifika jioni nikapekua udongo kwa mwiko
mpaka nikapata tunguu moja,
limekatwa ubavuni, bado na unyevu.
Mlinzi wa mjengo akanimulika:
"Mama, toka! Toka hapo!"
Nilicheka hadi akarudi nyuma hatua moja.
"Umejuaje jina lake?" nikamwuliza.

Liko kwenye mkebe wa rangi, Kangemi, ghorofa ya nne,
kwenye kibaraza cha futi tatu
kati ya jiko na nguo za jirani.
Kesi imesogezwa hadi Oktoba.
Gitahi alipiga simu jana, akanyamaza, akakata.
Leo asubuhi limetoa jani,
jembamba, kama ulimi wa mtu anayetaka kusema.
Mwanangu anauliza mpaka ni wa nini huku juu.
Namwambia alete maji.