Haikai Sailensa

Imerudi. Nimeisikia kabla haijakata kona ya benki,
Staut nyeupe ya Bi Somoe Namkuna,
inakohoa kama mtu aliyepaliwa na ugali
akaona haya kuomba maji.

Siku tisa nilikuwa nayo hapa Newala,
injini chini, juu ya magunia ya korosho,
pistoni mpya, ringi mpya,
kichwa kimepelekwa Masasi kusawazishwa
kikarudi kimefunikwa kanga kama mwari.
Siku tisa, na laki tisa zake.
Najua zilitoka mnada gani.

"Fundi," kasema, hajashuka,
"kabla hujaigusa ilikuwa inatoa moshi, lakini inakaa.
Sasa moshi hakuna. Na kukaa hakuna."
Mguu wake uko kwenye mafuta. Akiuinua, gari inazima.

Hili ndilo linalonichanganya:
ikikimbia ni nzima. Mlima wa Kitangari
imeupanda na magunia yote mgongoni.
Ikisimama ndipo inaumwa.
Baba alikuwa hivyo, mwaka aliostaafu bandarini Mtwara.

Nachomoa waya wa plagi ya kwanza: injini inayumba. Narudisha.
Wa pili: inayumba.
Wa tatu: inataka kufa kabisa.
Wa nne nachomoa, na haijali,
kama mtoto anayeitwa na yumo ndani.

Ya nne, basi. Tumbo linanishuka.
Ringi za ya nne nilizifunga usiku, kwa taa ya simu,
chaji asilimia sita.
Nafungua plagi: nyeupe kama jino,
wenzake wana kahawia ya korosho iliyokaangwa.
Naziba tundu kwa kidole gumba, Chilumba anapiga stata,
pumzi inanisukuma kidole, kwa hasira hata.
Ringi zipo. Valvu zipo. Alhamdulillahi.
Nabadilisha plagi. Bado.
Waya. Bado.
Kabureta nimeifungua, nimepuliza jeti,
nimemeza petroli kidogo. Bado.

"Ghala la chama linafungwa saa kumi," anasema Bi Somoe,
si kwangu, anakiambia kitumbua chake.

Nachukua kipande cha mpira, urefu wa mkono,
ncha moja sikioni, ya pili naipitisha polepole
pale manifoldi inapokutana na kichwa, upande wa nyuma,
sssss,
nyoka mwenye adabu.
Injini inavuta hewa kwa mlango wa uani.

Gasketi.
Siku ile duka lilifungwa kwa msiba.
Nilikata boksi la biskuti kwa mkasi,
nikafuatisha matundu kwa kidole chenye grisi.
Chilumba akaniuliza, "Hili litashika?"
Nikamwambia, nakumbuka na sauti niliyotumia,
"Litashika tu."

Sasa ananitazama.
Ana miaka kumi na saba, na hasemi kitu.
Maneno yananijia mengi, yamejipanga yenyewe:
petroli ya siku hizi, plagi za bandia,
vumbi, madereva wasiojua gia.
"Bi Somoe," nasema, "ni mimi. Niliweka boksi."

"Boksi la nini?"
"La biskuti."
Alitoa sauti. Sijui kama kile kilikuwa kicheko.
"Na gasketi ni shilingi ngapi?"
"Elfu nane. Yangu."

Saa tisa na nusu. Boliti zimekazwa
kutoka katikati kwenda pembeni, mara mbili mbili.
Chilumba ndiye aliyekaza. Mimi nilishika tochi.
Inawaka. Mguu juu.
Inakaa.

Nasimamisha sarafu ya mia juu ya kava la valvu.
Inasimama wima, inatetemeka kidogo
kama mtu anayeoga alfajiri ya Juni huku mlimani,
inasimama,
mpaka Bi Somoe anafunga mlango kwa nguvu zake zote.

Iliangukia ndani huko.
Gari imeshafika ghalani, na Chilumba
bado anaitafuta chini, pale ilipokuwa imeegeshwa.