Sikio la Maziwa

Mashine tuliinunua kwa hoteli iliyofilisika,
shingo imepinda, kitufe kimoja hakiitikii,
nayo ikiwaka, taa ya jikoni hufifia
kama mtu aliyekumbuka deni.

Kahawa si shida. Kahawa naijua.
Nimezaliwa Budadiri, mlimani,
vidole vyangu vilikuwa vyekundu kwa buni
kabla havijashika kalamu.
Ila kwetu tuliichuma, tukaianika, tukaiuza,
wenyewe tukanywa chai.

Shida ni maziwa.
Maziwa ni ya watu wa huku Mbarara,
na mimi ni mgeni wao.

Jagi la kwanza lilipiga yowe.
Niliuzamisha mrija hadi chini, yakalia kama nguruwe,
mapovu yakafura, makubwa, ya kufulia nguo.
Nikamimina: baka jeupe, kisha shimo.
Jagi la pili: kitunguu.
La tatu: figo. Nuwagaba akakigeuza kikombe huku na huku,
akasema, kwa mapenzi, ni ramani ya wilaya.
La nne likamwagika.

Na hapo ndipo mama yake alipokuwa mlangoni,
Mama Kyarisiima, na mkoba wake kutoka Kiruhura,
akiyatazama maziwa yanavyotafuta njia sakafuni
kuelekea uvungu wa jiko.
Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua.
Ya maziwa sikufundishwa methali;
nilipewa mama mkwe aliyenyamaza.

Wiki nzima nikajifunza kwa maji
na tone moja la sabuni ya vyombo.
Povu la sabuni ni tiifu, halina wenyewe,
ukilimwaga hakuna anayeshika kifua.
Nilichora mioyo hewani kwa kiwiko.
Inua, karibia, tikisa, kata.
Kipimajoto kilisema sitini,
kikombe kikasema kitunguu.

Jumapili umeme ulirudi saa nne.
Mama alikuwa sebuleni, kibuyu pajani,
akisuka maziwa yaliyolala,
mbele, nyuma, mbele, nyuma, macho dirishani,
akisimulia habari za shemeji aliyeuza fahali kwa bei ya mbuzi.
Mimi nikafungua mvuke.

"Unayachoma," akasema, bila kugeuka.
Nikainua kidogo.
"Sasa unayachekesha bure."
Nikashusha, unywele mmoja.
Sauti ikabadilika: karatasi inayochanwa polepole,
tsi, tsi, halafu ikazama,
ikawa nene,
ikawa ng'ombe anayepumua gizani.
Kibuyu kikatulia.
"Hapo," akasema. "Hapo yameitika."

Sikuuliza alijuaje.
Miaka hamsini ameisikiliza siagi ikija
ndani ya kibuyu ambamo jicho haliingii.
Mimi nilikuwa natazama.

Nikagonga jagi mezani, nikayazungusha
mpaka yakang'aa kama rangi mbichi ya ukuta.
Nikamimina kwa juu, chembamba, yapite chini ya kahawa,
kisha nikakaribia. Mkono ukatetemeka,
nikauacha utetemeke.
Jani lilikataa. Moyo ulikataa.
Kilichotokea ni pembe mbili,
ndefu, moja imepinda kuliko mwenzake.

Mama akakipeleka kikombe kwenye mwanga.
Akakitazama kama mtu anayesoma barua fupi mara mbili.
"Bihogo," akasema.
Alikuwa mkaidi, Bihogo. Alikufa mwaka wa ukame,
na pembe yake ya kushoto ilikwenda hivyo hivyo,
kama inayotaka kuuliza jambo.

Kisha akazinywa pembe zote mbili kwa funda moja,
akakunja uso.
"Chungu! Na hii ndiyo mnapandia mlima?"

Akanisogezea kikombe,
povu kidogo limebaki mdomoni juu,
hakulifuta.
"Ongeza maziwa."