Katoni Sita

Mhina ameileta simu ndani ya soksi,
akaipitisha uani kama mwizi wa kuku.
"Bibi, hii haiingiliwi.
Ukiandika neno linasagwa humu humu,
linasafiri likiwa unga,
linakuwa neno tena mkononi mwa uliyemtumia.
Kwingine kote ni vumbi."
Ananionyesha kikufuli, na tarakimu sitini
nizisome na mwenzangu;
zikilingana, tuko wawili tu.

Wawili tu.
Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekuwa wa tatu.

Miaka kumi na minne, Posta, ghorofa ya juu,
vikombe vya masikioni mpaka nywele zikaota njia.
"Tanga. Namba ngapi?"
Pangani, nachomeka. Korogwe, nachomeka.
Mombasa ilikuwa ya kusubiri, pengine hadi kesho.
Na ukishachomeka, adabu ni kuachia swichi.
Kuna nyakati sikuachia.
Nilijua nani wa Chumbageni anadaiwa mahari,
nani kafiwa na mwenyewe bado anacheka,
nikapita sokoni Ngamiani mdomo nimefunga,
nimejaa kama debe.

Mwaka ule wa foleni alikuja kijana wa Kaunda suti.
Hakutisha. Alikalia pembe ya meza,
akaazima kalamu, akairudisha.
"Za Mombasa tu, dada. Andika."
Nami mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Semboja, karani wa mkonge, sauti kavu:
"Katoni sita. Za kufulia. Zipite Horohoro Alhamisi."
Nikaandika sita.
Nikaandika Alhamisi.
Nikaweka na nukta.

Barabara ya Kumi na Moja, baiskeli yake
ilibaki imeegemea ukuta,
hakuna aliyeigusa, mpaka matairi yakakaa chini.
Mkewe, Mwanamgeni, alifulia majani ya mpapai
kama mji mzima.
Mimi nililetewa kipande kimoja, cha bluu, ndani ya gazeti.
Nikakiogea.
Nisiseme uongo: kilinukia vizuri.

Na huyo Mwanamgeni ndiye tuliyekuwa na kufuli letu
kabla Mhina hajazaliwa, wala mama yake.
Makorora, miaka tisa, mama zetu wanachambua mchele,
sisi tunasema kinyume mbele ya nyuso zao.
"Bai risuka!" na sukari inaibwa.
Mkia wa neno tunauvisha kichwani,
ulimwengu unakuwa kiziwi.

Semboja alitoka baada ya miaka miwili.
Hakupiga simu tena, hata ya msiba.
Mwanamgeni hakuniuliza kitu, si siku ile,
si kwenye arusi, si makaburini,
akahamia Muheza kwa mwanawe bado hajaniuliza.

"Ngoja," namwambia Mhina. "Mwenye kampuni hasikii?"
"Hasikii."
"Na yule dada wa ghorofani?"
Anacheka. "Hakuna dada, bibi. Hakuna ghorofa."

Nimekaa na hilo mpaka chai ikapoa.
Njia imezibwa, sawa.
Bado ina ncha mbili, na kila ncha ina mtu.

Namba tumeipata kwa mjukuu wake, alisoma na Mhina Usagara.
Nimevaa miwani.
Kioo hakipendi vidole vya kizee, kinaniandikia herufi za jirani.
Nafuta. Naandika. Neno moja:

Nisamaha.

"Bibi, umekosea. Ni samahani. Au ulitaka nisamehe?"

"Acha hivyo hivyo. Tuma."

Vitiki viwili vikatokea, vya kijivu.
Mhina anasema akisoma vitageuka bluu.
Bluu, nikamwambia, naijua.

Simu nimeiweka juu ya kabati, uso juu.
Alasiri imepita, nimeanua nguo, nimekunja,
nimerudi kutazama.
Bado vya kijivu.