Barua za Usiku kwa Bunrye

Dada Bunrye,
mizizi uliyotuma imefika, miwili ina ukungu.
Nimeikwangua, nimeitumia. Usimwambie mtu.
Hapa ikulu kinyesi cha mfalme hakiitwi kinyesi,
kinaitwa ua la plamu,
na mimi, mwana wa mfinyanzi wa Naju,
kila alfajiri hufunuliwa ua hilo katika chombo cha shaba,
nikalitazama, nikalinusa,
juzi nikalionja kwa ncha ya ulimi.
Mama alisema siku moja nitakula vya ikulu.

*

Jipu liko mgongoni, chini ya bega la kushoto,
pana kama kiganja cha mtoto.
Kulipasua sithubutu: chuma hakigusi mwili wa mfalme
mpaka mawaziri kumi na wawili wakubaliane,
nao hawajakubaliana hata juu ya mvua.
Basi nabandika. Nabandua. Nabandika.
Mwandishi yuko nyuma ya pazia na wino wake;
nikikohoa, anaandika kwamba nimekohoa.
Dawa naionja mimi kwanza,
kisha twasubiri, macho yote kwangu,
kuona kama nitaanguka.
Sianguki. Naye anainywa imeshapoa.

*

Jana mwandishi alisinzia.
Mfalme akanishika mkono (yeye mimi, si mimi yeye)
akanong'ona: "Tabibu Pyo,
mapeasi ya kwenu yana maji kweli?"
Nikasema, humlowesha mlaji hadi viwikoni.
Akafumba macho, akameza mate.
Miaka yote ameletewa vipande, vimepangwa mfano wa nyota;
hajawahi kung'ata peasi zima.
Nilikuwa nalo kifuani, lile ulilolifunga kwa karatasi.
Vya baridi ni mwiko kwa homa yake,
mwiko huo niliuandika mwenyewe.
Nikampa.
Maji yakamtiririka ndevuni,
nikayafuta kwa mkono wa joho langu.
Asubuhi kitabu kikasema:
Mfalme amelala salama.

*

Leo mapigo yake, chini ya vidole vyangu vitatu:
cha kwanza kinasikia,
cha pili kinakisia,
cha tatu kimya.
Mganga hajigangi, walinena wahenga,
hawakunena afanyeje akishaitwa muuaji.
Mfalme akifa, tabibu ana kosa,
hata akifa kwa uzee; ndiyo sheria.
Aliyenitangulia yuko kisiwani, anahesabu kaa.
Ni jipu, Bunrye, au ni lile peasi?
Mimi ndiye nilipwaye mchele ili nijue,
na sijui.

*

Nguo nyeupe zimeanza kushonwa, ua wa nyuma,
mafundi hawaimbi.
Choma barua hizi.
Najua utashindwa, hata viatu vya baba ulishindwa kuvitupa.
Basi zizamishe kwenye mtungi wa kabichi,
chini kabisa, penye pilipili;
askari hawapendi kutia mikono humo.
Na mwakani mapeasi yakiiva, usinitumie.

Au tuma moja.