Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Singano kaandika kutoka Muheza,
mgeni, hata wiki hana nasi:
"Mstari wa mia mbili na kumi na nne,
mbona mnakata tatu kwa kila mia
kwenye maziwa ya jioni, ya asubuhi hamkati?"

Swali la mtoto. Swali la mkaguzi.

Programu ni huria, tuliiapia hivyo
tangu chumba kile cha Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
feni moja, kompyuta tatu,
umeme wa kuazima kwa fundi cherehani.
Asome atakaye, anakili, arekebishe, ampe jirani.
Vyama vinne vya wafugaji vinapimia kwayo,
Pongwe hadi Maramba, na hakuna aliyelipa senti.

Lakini sababu ya ile tatu
hatukuiandika kwenye programu.
Tuliizungumza.
Kule tunakozungumzia kila kitu,
ukumbi wa watu, wenye rangi nzuri na vikatuni,
bure, mpaka siku tisini.
Ya siku ya tisini na moja yamo, hayajafutwa,
yamefungiwa stoo, na ufunguo unauzwa kwa dola,
kwa kichwa, kwa mwezi.
Nasi tu vichwa kumi na tisa.

Mhando akacheka:
tumejenga nyumba haina hata komeo,
halafu akili zetu tumezipangia chumba kwa mwingine.
Bibi yake angesema lile la nguo ya kuazima
na kile isichokisitiri.

Nikatafuta. Nikaandika "povu". Nikaandika "jioni".
Nikajibiwa kwa adabu: yapo matokeo saba, lipia uyaone.

Saba! Maneno yangu mwenyewe,
na makosa yangu ya herufi ndani yake.

Mwajabu ndiye aliyekumbuka, kinywa kimejaa chungwa:
"Ya asubuhi huja kwa miguu.
Ya jioni huja na pikipiki, yanarushwarushwa njia nzima,
ndoo nusu hewa. Tulipima siku kumi pale Pongwe,
Bi Sauda Kilua kashika kijiti."

Nikaufungua mstari,
nikaandika juu yake sababu yote,
na tarehe, na jina la Bi Sauda.

Kisha, tusidanganyane,
nikarudi ukumbini kule kule kutangaza,
maana watu wako huko.

Singano akauliza: "Na njia ikiwekwa lami?"
Swali zuri.
Nikamjibu kwa kirefu, humo humo.

Leo ni siku ya kwanza.