Koleo

Wosia ulisomwa Mpwapwa, Jumatano,
feni ya mahakama ikisaga hewa kama kinu kibovu.
Watoto wa kaka yake walivaa suti.
Mimi Masinjisa, dereva wake miaka kumi na tisa,
nilisimama mlangoni, jicho kwenye Landrova.

Nyumba yangu, kiinua mgongo changu,
na chupa za udongo elfu moja mia moja arobaini na sita
nawapa wananchi. Yajengwe makumbusho.
Mtoto asitozwe kiingilio.
Masinjisa apewe koleo.

"Shangazi katuachia vumbi!"
Na kweli, vumbi:
la Hombolo linalolea zabibu;
jeusi la mbuga ya Bahi, lililotunasa siku mbili
tukigawana karanga na maji ya rejeta;
jekundu la Kondoa, ambako Daktari Nyemo
alishuka korongoni, akalamba ukingo,
akatema, akaandika.
Hakuandika "sampuli".
Aliandika: *Mama Ndahani, Chipogoro.
Anasema hapa uwele hukubali, mahindi hukataa.*

Faili likakaa Dodoma miaka minne.
Leo mhusika yuko safari, kesho muhuri umefungiwa.
Kisha, sijui nani alilipuliza,
neno "nawapa" likawa sheria,
sheria ikawa taasisi,
taasisi ikapata mkurugenzi,
mkurugenzi akapata kiyoyozi.

Sasa watoto wa Kongwa hushuka kwenye basi,
hubandika pua kwenye vioo wakisaka kijiji chao.
"Babu yangu huyu hapa!"
Wanaonyesha udongo.

Mkurugenzi ameniandikia mara mbili:
koleo ni urithi wa taifa,
kabati lake liko tayari, lina taa.
Sijajibu. Mvua ziko karibu, nina mitaro ya kuzibua.
Mpini nimeshaubadilisha; bapa limelika upande mmoja,
maana alichimba kwa mkono wa kushoto.

Ndilo nililomchimbia.
Futi mbili tifutifu, kisha mfinyanzi mkaidi,
kisha changarawe yenye kumeta.
Wenzangu wakasema yatosha. Nikaendelea,
yeye hakuwahi kuishia juujuu.
Kabla hajashushwa nilichota, nikajaza chupa ya jamu.

Iko rafu ya chini kabisa, karibu na choo.
Binti wa mapokezi aliniandikia kibandiko,
hakuuliza kitu:

*1147. Mwenye shamba: Nyemo Chidawali.
Hapa bado hatujajua nini hukubali.*